Bangili Nilizouza Mwezi wa Ramadhani



Siku chache kabla ya usajili wa makurutu wa polisi wa Novemba 2025, jirani yangu alinijia baada ya sala ya isha akiwa ameshika leso iliyofungwa fundo. Aliketi mkekani, akazungumza kidogo juu ya joto na bei ya unga, kisha akalifungua fundo lile mbele yangu. Ndani mlikuwa na hereni mbili za dhahabu, pete moja, na noti zilizokunjwa kunjwa.

“Mwalimu,” akaniambia kwa sauti ya chini, “mwanao aliingia polisi. Wangu naye anakwenda uwanjani wiki hii. Nimekuja unielekeze. Ni nani wa kumwona?”

Sikumjibu mara moja. Niliutazama mkono wangu wa kushoto, ambao haujavaa bangili tangu mwaka wa 2014, nikajua kwamba siku ya kusema kweli imefika. Niliyomweleza usiku ule ndiyo ninayoyaandika hapa. Nimemwomba mwanangu idhini naye amenipa, kwa sharti moja tu, kwamba nisijipake sukari.

Wengi wenu mnaukumbuka mwaka huo wa 2014. Usiku wa tarehe 15 Juni watu wenye silaha waliingia Mpeketoni, katika kaunti ya Lamu, wakaua kwa muda wa saa kadhaa, na usiku uliofuata wakarudi kuvamia vijiji vya jirani. Waliouawa walizidi 60. Mapema mwezi wa Julai ikawa zamu ya Hindi na Gamba, na huko Gamba kituo cha polisi chenyewe kilishambuliwa. Sisi wa Malindi tulikaa masikio yetu yakiwa barabarani, kwa sababu njia ya kwenda Lamu hupitia kwetu. Kila baraza lilikuwa na swali moja: polisi walikuwa wapi saa zote hizo?

Baraza hizo hizo zilikuwa na swali la pili, ambalo lilisemwa kwa kunong’onezana. Februari ya mwaka ule polisi walikuwa wameingia Masjid Musa mjini Mombasa na kukamata vijana kwa makumi. Kulikuwa na nyumba ambazo zilikuwa zikimtafuta kijana aliyechukuliwa usiku na asionekane tena. Kwa hiyo tuliwalaumu polisi kwa kutofika, na hapo hapo tuliwaogopa wanapofika. Hali hiyo haikuwa ya mtaa wetu peke yake, na sidhani kwamba imekwisha.

Katika siku kama hizo ndipo kitinda mimba wangu, akiwa na umri wa miaka 20, alipoingia jikoni na kuniambia kwamba anataka kwenda kujiandikisha polisi. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akimsaidia ami yake katika duka la vipuri. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki. Nilidhani ananitania. Ami yake alipopata habari alikuja kwa hasira, akasema, “Nyumba hii haijapata kutoa askari. Utakwenda kuvaa nguo za wale wanaotuvunjia milango?”

Mwanangu alimjibu kwa adabu, na jibu lake ninalikumbuka neno kwa neno. “Ami, hao wanaotuvunjia milango wanatoka mbali. Hawaujui mlango wa madrasa wala wa msikiti. Ikiwa hapana hata mmoja wa kwetu miongoni mwao, ni nani atakayewaambia?”

Ami yake alinyamaza. Baada ya siku mbili alirudi, safari hii amelainika, naye alikuwa amekuja na mtu.

Mtu huyo simjui hata leo, na nisingemtaja hata kama ningemjua. Alivaa kanzu safi na alizungumza kama mtu anayeuza kiwanja. Alisema kwamba nafasi zinajulikana kabla ya vijana kufika uwanjani, na kwamba kijana asiye na mtu, hata akikimbia kama upepo, atarudi nyumbani na viatu vyake mkononi. Bei ilikuwa shilingi 150,000. Nusu kabla, nusu baada ya barua.

Nilikuwa na bangili sita za dhahabu. Mama mkwe wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alinivisha siku ya harusi yangu kwa mkono wake. Nilizifunga katika leso, kama alivyofanya jirani yangu, nikaenda kwa sonara. Ilikuwa ni mwezi wa Ramadhani. Nilikuwa nimefunga, na njiani nilikuwa nikisoma uradi.

Nataka msomaji aelewe kwamba sikuwa mjinga. Nimefundisha shule ya msingi miaka 27, na miongoni mwa masomo yangu ni elimu ya dini ya Kiislamu. Mimi mwenyewe nimesimama mbele ya watoto nikawafundisha kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wake pamoja. Nilipokuwa nikipanda ngazi za duka la sonara nilijiambia kwamba hii si rushwa, ni shukrani iliyotangulia. Nilijiambia kwamba ninamwokoa mtoto na vijiwe, na wale wanaowatafuta vijana wasio na kazi ili wawapotoshe. Nilijiambia kwamba watu wote wanatoa. Moyo wa mwanadamu haukosi hoja unapokuwa umekwisha kuamua.

Usajili ulifanyika tarehe 14 Julai nchi nzima, nusu ya Ramadhani ikiwa imekwisha kupita. Mwanangu alikwenda baada ya sala ya alfajiri akiwa amefunga. Walipimwa urefu, wakatazamwa meno na nyayo, wakakaguliwa vyeti na vitambulisho. Kisha wakakimbizwa juani. Alirudi kabla ya magharibi, midomo imepasuka kwa kiu, barua mkononi. “Mama,” akasema hata kabla hajakaa, “nimekuwa wa nne! Nimekimbia na saumu yangu na nimekuwa wa nne!”

Nilimpa tende na maji. Nilimkumbatia. Koo langu lilikuwa kavu kuliko lake.

Kumbe siku ile uwanjani palikuwa na macho mengine. Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, ile tunayoiita IPOA, ilikuwa imetuma watu wake katika vituo vya usajili wakaandika waliyoyaona. Mamlaka hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011, baada ya Katiba mpya, ili polisi nao wawe na wa kuwauliza. Ilikwenda mahakamani. Siku ya Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2014, Jaji Isaac Lenaola wa Mahakama Kuu aliufuta usajili wote wa makurutu wapatao 10,000, kwa sababu ya ufisadi na kukiukwa kwa Katiba, na akaagiza ufanywe upya.

Barua zote zikawa karatasi tu, ya aliyetoa na ya asiyetoa.

Mwanangu aliisikia habari hiyo redioni dukani kwa ami yake. Alirudi nyumbani amekasirika. “Wengine wamehonga, na sisi tuliokimbia kwa haki tunaadhibiwa pamoja nao,” alisema. Alilirudia neno hilo kwa siku kadhaa, nami nikimsikiliza huku nikipepeta mchele. Kisha jioni moja ami yake, katika kuzilalamikia zile fedha, ulimi ukamteleza.

Mwanangu hakupaza sauti. Alikuja akasimama mlangoni mwa chumba changu, akaniuliza, “Mama, bangili zako ziko wapi?”

Nilimwambia yote. Alipomaliza kunisikiliza alisema neno moja tu: “Basi sitajua kamwe kama nilichaguliwa au nilinunuliwa.” Akaenda zake msikitini. Nimeishi na maneno mengi magumu maishani mwangu, ya watu wazima na ya watoto, lakini hilo ndilo lililonikata. Nilidhani nimempa kitu, kumbe nilikuwa nimemnyang’anya mbio zake.

Fedha hazikurudi. Yule mtu wa kanzu safi alizima simu.

Mtihani haukuishia hapo. Tarehe 2 Aprili 2015 wauaji waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Tulisikia kwa uchungu jinsi kikosi maalumu kilivyochelewa Nairobi kwa shida ya usafiri, saa zikapita na watoto wako ndani. Nchi ilighadhibika. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wale makurutu 10,000 waliofutiwa usajili waripoti mafunzoni mara moja, akisema nchi haina askari wa kutosha.

Nitakiri jambo jingine la aibu. Katika maombolezo yale, moyo wangu uliruka kwa furaha. Barua ya mwanangu ilikuwa imefufuka! Niliitoa katika Biblo ya nguo nilimoificha, nikamwekea mezani. Aliitazama, akaikunja mara nne, akanirudishia. “Barua hii si yangu,” akasema. “Wakifanya usajili mwingine nitakwenda. Na ninakuomba kitu kimoja, mama. Usinitafutie mtu.”

Usajili mwingine ulifanyika mwezi ule ule wa Aprili. Alikwenda mikono mitupu. Mimi nilibaki juu ya msala tangu alfajiri hadi alasiri, na dua yangu haikuwa kwamba achukuliwe. Niliomba kwamba lolote litakalokuwa, alijue kuwa ni lake. Alichukuliwa. Alikwenda Kiganjo, karibu na Nyeri, kwenye baridi ya mlima, na ombi lake la kwanza kwa simu lilikuwa sweta.

Sasa nizungumze juu ya magari, maana jirani yangu alidhani kwamba hadithi imekwisha kijana alipovaa sare.

Kituo cha kwanza alichopangiwa mwanangu kilikuwa mbali kaskazini. Kilikuwa na gari moja kwa eneo ambalo mtu hulivuka kwa siku nzima. Nikimuuliza hali alikuwa akicheka: “Mama, leo tumekuwa punda, tumelisukuma gari hadi kituoni.” Siku nyingine alikuwa hacheki, kwa sababu mabomu ya kutegwa barabarani hayalijali gari la bati jembamba. Kila simu iliyolia baada ya saa nne usiku iliniamsha na moyo kwenda mbio. Ndipo nilipoanza kuzisoma habari za magari ya polisi kama mtu anayesoma habari za mtoto wake.

Nilijifunza kwamba tangu mwaka 2013 serikali ilianza kukodisha magari ya polisi kutoka kwa kampuni, badala ya kuyanunua yote. Sababu yake ina mantiki. Wazee wenzangu mnakumbuka vituo vya zamani, vilivyokuwa na magari manne juu ya mawe na moja linalotembea. Gari la kukodi likiharibika, mwenyewe hulitengeneza. Tangu hapo tumeona mara nyingi magari mapya yakipangwa kwa safu, yakapeperushiwa bendera, picha zikapigwa. Hilo ni jema. Lakini sherehe huwa mchana, na mwizi huja usiku.

Usiku mmoja, yapata miaka mitatu iliyopita, wezi walivunja nyumba ya bibi kizee wa mlango wa tatu kutoka kwangu. Tulisikia ukelele saa nane. Nilikipigia simu kituo cha karibu. Askari aliyepokea alikuwa muungwana, akanisikiliza, kisha akasema, “Mama, gari lipo. Mafuta hayapo.”

Vijana wa barazani walikasirika. “Wanataka chai hao,” wakasema. “Wambie waje kwa miguu!” Huenda walikuwa na haki, kwani kisingizio hicho tumekisikia mara nyingi. Lakini mimi nilikuwa na mwana aliyekuwa akisukuma gari huko kaskazini, nami nilijua kwamba maneno hayo yanaweza pia kuwa kweli tupu. Tulichanga shilingi 1,500. Kijana wa bodaboda akaenda petroli akajaza mtungi, akaupeleka kituoni. Polisi walifika karibu na adhana ya alfajiri. Bibi kizee alikuwa ameketi kizingitini bila redio, bila cherehani, na bila akiba yake ya Hija.

Mmoja wa askari wale alikuwa na umri wa mwanangu. Alipokuwa akiandika maelezo hakuthubutu kunitazama usoni. Nilipompa uji alisema, “Mama, gari hili likivunjika kuna wa kulitengeneza. Mafuta ndiyo hukatika katikati ya mwezi. Tukiwaomba raia, tunaitwa wala rushwa. Tukikaa, tunaitwa wavivu.”

Nimelifikiria neno lake kwa muda mrefu, na hapa ndipo ninapotaka kumfikisha msomaji. Bangili zangu na mtungi ule wa mafuta ni jambo moja lenye nyuso mbili. Katika yote mawili, kitu ambacho ni haki ya umma kilipatikana kwa mfuko wa mtu. Usalama ambao Katiba imemwahidi kila Mkenya ulimfikia bibi kizee kwa sababu majirani walikuwa na shilingi 1,500. Je, mtaa usio na hata hizo? Na kazi ambayo kijana alistahili kuipata kwa mbio na cheti chake ilipatikana kwa sababu mamake alikuwa na dhahabu. Je, kijana ambaye mamake hana bangili? Labda alikuwa wa tano katika mbio zile. Labda nafasi niliyoinunua ilikuwa yake. Simjui, na siku ya Kiyama atanijua.

Tena, fedha hizo hazipotei hewani. Hesabu yake inaweza kufanywa na mtoto wa darasa la tano. Kijana aliyeingia kazini kwa shilingi 150,000 anaanza utumishi akiwa na deni. Mshahara wa askari mpya hauwezi kulilipa upesi. Basi atalilipa kutoka wapi? Kwa mtu wa matatu kila asubuhi. Kwa mwenye bodaboda asiye na kofia ngumu. Kwa kijana wetu aliyekamatwa akitoka isha bila kitambulisho, ambaye ataambiwa kwamba kuna njia ya mkato kabla ya kufikishwa mahakamani. Sisi wenyewe tunamkopesha yule askari, kisha tunashangaa anapokuja kudai. Na kituo kikizoea kuomba mafuta kwa raia, siku moja kitamwendea mwenye fedha nyingi kuliko sisi, na huyo huenda ndiye anayewauzia watoto wetu unga.

Ndiyo maana sitosheki ninaposikia idadi peke yake. Mwaka 2025 ilikuwa tena makurutu 10,000, baada ya miezi ya mvutano mahakamani kati ya Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi na Inspekta Jenerali juu ya nani mwenye mamlaka ya kuajiri. Wanasiasa hupenda kutaja uwiano wa askari mmoja kwa raia 450, wakasema bado tuna upungufu. Nakubali kwamba upungufu upo, nimeuona kwa macho ya mwanangu. Lakini askari 10,000 walioingia kwa mlango wa nyuma ni wadai 10,000, na gari jipya lisilo na mafuta ni chombo kingine cha kumwombea raia. Ibara ya 244 ya Katiba yetu inaitaka Huduma ya Taifa ya Polisi izuie ufisadi ndani yake, iheshimu haki za binadamu, na ijenge uhusiano mwema na jamii. Hayo hayaanzi Kiganjo. Yanaanza uwanjani, siku ya mbio, na kabla ya hapo yanaanza jikoni kwetu.

Tunasimuliana kwa fahari jinsi Sayyidna Umar (r.a.) alivyokuwa akizunguka vichochoro vya Madina usiku kwa miguu yake, kujua nani analala na njaa. Leo miji ni mikubwa na miguu haitoshi, magari lazima yawepo. Ila lile lililomtoa Umar nyumbani, yaani kujua kwamba ataulizwa, halikodishwi.

Basi sisi wazazi tufanye nini? Nitasema machache ambayo nimeyajaribu.

La kwanza, tuwaache vijana wetu waende, wa kiume na wa kike. Tukiwazuia kwa kuchukia polisi, tusilalamike kwamba kituoni hapana anayejua kuvua viatu mlangoni. Masharti yanajulikana: uraia, kitambulisho cha taifa, umri wa miaka 18 hadi 28, alama isiyopungua D+ katika KCSE, afya njema, na kutokuwa na rekodi ya uhalifu. Kitambulisho kitafutwe mapema, kisingojee tangazo. Vijana wetu wengi wa Pwani na Kaskazini Mashariki walikwama hapo kwa miaka mingi kwa sababu ya kuhojiwa zaidi ya wengine. Februari 2025 Rais William Ruto alitia saini agizo la kuondoa mahojiano hayo ya ziada kwa jamii za mipakani. Tulitumie agizo hilo, na palipo na afisa anayelipuuza, tuandike malalamiko.

La pili, usajili ni bure. Anayetaja bei ni mwizi, hata akivaa kanzu safi. Aripotiwe kwa IPOA au kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Najua wengi watasema kwamba kuripoti hakusaidii. Mwaka 2014 watu waliandika waliyoyaona, na usajili wa nchi nzima ukafutwa. Ulinigusa mimi mwenyewe, na ninashukuru kwamba ulinigusa.

La tatu, mbunge wetu anapokuja kupeperusha bendera ya gari jipya, tupige makofi, kisha tumuulize: mafuta yake ni ya siku ngapi kwa mwezi, na bajeti hiyo imepitishwa Bungeni kwa kiasi gani? Swali hilo liulizwe na akina mama pia, kwani sisi ndio tunaoamshwa na ukelele wa saa nane. Na siku tutakapolazimika kuchanga tena, maana siwezi kumwacha jirani avunjiwe nyumba nikingoja bajeti, tutake risiti, tuandike tarehe, kiasi na namba ya gari, kisha tupeleke nakala kwa mkuu wa kituo na kwa mbunge. Mchango ulioandikwa ni ushahidi. Mchango wa gizani huwa desturi.

Hayo ndiyo niliyomwambia jirani yangu usiku ule, ingawa si kwa mpangilio huu. Mengine niliyasema nikilia. Alinisikiliza, akakaa kimya, kisha akaifunga leso yake. Mwanawe alikwenda uwanjani siku ya tarehe 17 Novemba akiwa na vyeti vyake tu.

Hakuchukuliwa.

Ningependa niwaambie vinginevyo. Jirani yangu hakunilaumu kwa maneno, lakini kwa siku kadhaa salamu zake zilikuwa fupi, nami nilijua analowaza: labda mwalimu angenionyesha mtu. Sina jibu la kumtuliza mama aliyekuwa na dhahabu mkononi na mwana asiye na kazi nyumbani. Ninachojua ni kwamba jioni ile kijana mwenyewe alinijia, akaniambia kwamba alianguka katika mbio, kisigino kilimwuma, na kwamba tangu kesho yake ataanza kukimbia ufuoni kila baada ya alfajiri. Alijua alipoanguka. Alizungumza kama mtu ambaye mbio zake bado ni zake.

Mwanangu alipokuja likizo alimsikia habari zake, akatoka kukimbia naye asubuhi tatu mfululizo. Nimewaona wakirudi, viatu vimejaa mchanga. Amekwisha kutaka kuninunulia bangili mara mbili kwa mshahara wake, nami nimekataa mara zote mbili. Mkono huu ubaki kama ulivyo. Unanikumbusha.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu wanaolinda na wanaolindwa, awape wakubwa wetu kuogopa kuulizwa, na atusamehe tuliyoyanunua yasiyouzwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.